Mapunye na choa: dawa za hospitali au tiba ya Kiyunani?

Mama wa Nkuhungu
Habari za jioni, ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 7 ana mapunye sehemu tatu kichwani, na nywele zake zimekatikia usawa wa ngozi hadi zinaonekana kama vidoti vyeusi. Mimi mwenyewe nina choa kiunoni, pale mkanda wa sketi unapobana. Shemeji yangu wa Kondoa anashauri twende kwa tabibu wa tiba ya Kiyunani anayetumia siki, kiberiti na dawa za kusafisha damu, ilhali jirani anasema ninunue tyubu ya dawa ya fangasi, yaishe. Naomba mnilinganishie njia hizi mbili bila ushabiki.

Mfamasia wa Area D
Pole, dada. Wewe na mtoto hamwezi kutibiwa kwa dawa moja, kwa sababu mahali fangasi walipokaa ndipo panapoamua tiba. Choa chako kiko kwenye tabaka la juu la ngozi, na krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, ikipakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4 na kuvuka kidogo ukingo wa duara, kwa kawaida hutosha, mradi usiiache siku ile muwasho unapokoma. Kwa mtoto, fangasi wameingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, ambako krimu haifiki, kwa hiyo anahitaji dawa ya kumeza kwa kipimo kinachofuata uzito wake: griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, au terbinafini kwa wiki 4 hivi. Griseofulvini humezwa na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri; uji wa uwele uliotiwa karanga za kusaga unafaa kabisa.

Mwanafunzi wa Tibb
Tiba ya Kiyunani nimeisoma, na ninaipenda, kwa hiyo niruhusiwe kuieleza kabla haijahukumiwa. Choa kwetu huitwa *quba*, na chanzo chake hutafutwa katika ahlati nne, yaani majimaji manne ya mwili: damu, balghamu (kohozi), safra (nyongo ya njano) na sauda (nyongo nyeusi), kwa nadharia iliyotoka kwa Wayunani, akina Hippocrates na Galen, na kupangwa upya na tabibu Ibn Sina (980–1037) katika kitabu chake *Qanuni*. Tabibu huamini kwamba sauda iliyoharibika imesukumwa kwenye ngozi, basi huanza na dawa ya kuilainisha, hufuatisha dawa ya kuharisha ili kuitoa, na mwisho hupaka siki, kiberiti au mwarobaini. Kuhusu chanzo, nadharia hiyo ilikosea, na wala haikukosea peke yake: mpaka miaka ya 1830 na 1840, watu kama David Gruby wa Paris walipotazama magamba ya kichwani kwa hadubini na kukuta kuvu, Ulaya nayo ilikuwa gizani. Hata hivyo kiberiti kweli hudhuru fangasi, na siki huwadumaza, kwa hiyo kwa choa kidogo cha mtu mzima nisingemcheka shemeji yako. Kwa mapunye siwezi kuwatetea walimu wangu. Kumharisha kwa makusudi mtoto wa miaka 7 katika joto la Oktoba la Dodoma ni kumpunguzia maji mwilini bure, na fangasi atabaki palepale kwenye unywele. Pia msikubali unga usiotajwa jina, kwa kuwa baadhi ya dawa za Kiyunani hutengenezwa kwa zebaki.

Mkulima wa Kongwa
Mimi niliumia katikati ya njia hizo mbili. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniuzia tyubu ya mchanganyiko yenye betamethasoni, ambayo ni steroidi, na kwa siku nne muwasho ulikwisha kabisa, nikamsifu kila nilipopita. Wiki ya tatu choa kilirudi kikiwa kipana kuliko kiganja, kimepoteza duara lake, hata mganga wa zahanati akadhani ni ugonjwa mwingine. Ndipo nikaelezwa kwamba steroidi hutuliza ngozi huku ikiwaacha fangasi wakijitanua. Dada, kabla ya kulipa, soma maandishi ya kwenye boksi.

Mama wa Nkuhungu
Nawashukuru sana. Shemeji alikuwa ametaja pia kuumika, yaani kutolewa damu kwa chuku. Je, hilo lina faida yoyote kwa mtoto?

Mwanafunzi wa Tibb
Hapana, mama. Chuku hutoa damu, na fangasi hawa hawaishi kwenye damu.

Mama wa Nkuhungu
Leo tumetoka hospitali. Daktari alikwangua magamba, akang'oa vinywele viwili vitatu, akapeleka maabara, na jibu likawa ni fangasi. Mtoto ameanza griseofulvini kwa uji wa karanga, nami napaka klotrimazoli tupu. Kofia yake nimeichemsha, kitana nimekitupa, na mdogo wake, ambaye amekuwa akilala naye kwenye mto mmoja, atakaguliwa kichwa Jumatatu.