Kosa la Wakomunisti wa Ujerumani lilikuwa wapi hasa?

Swali
Ndugu zangu, Chama cha Kikomunisti cha Ujerumani kilizaliwa mwishoni mwa Desemba 1918, na katika mkutano wake wa kwanza wajumbe waliamua, kwa kura 62 dhidi ya 23, kususia uchaguzi wa bunge la kutunga katiba, ingawa Rosa Luxemburg mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, aliwasihi washiriki uchaguzi huo. Je, huo ulikuwa uaminifu kwa mapinduzi, au ndio ule ukali wa mrengo wa kushoto ambao Lenin aliuita ugonjwa wa utotoni?

Jibu la kwanza
Mimi naona lilikuwa kosa. Wajumbe wale walikuwa wamekwisha kukata tamaa na bunge, wakadhani kila mfanyakazi amekata tamaa nalo, ilhali tarehe 19 Januari 1919 zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura walijitokeza, wakiwamo wanawake waliopata haki hiyo kwa mara ya kwanza. Machi 1921 kosa lilijirudia kwa ubaya zaidi: chama kiliitisha uasi ambao wafanyakazi wengi hawakuutaka, hata wanachama wakapigana na wenzao kwenye malango ya viwanda. Paul Levi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, alipolikosoa jambo hilo hadharani, alifukuzwa. Kwangu mimi kufukuzwa huko ndiko kunakouma, kwa sababu chama kinachomwadhibu anayesema kwamba umma haujafika huko kinajiziba masikio.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe, ndugu, ila tusisahau damu iliyomwagika. Serikali iliyopeleka askari Berlin Januari 1919, walipouawa Luxemburg na mwanzilishi mwenzake Karl Liebknecht, iliongozwa na Chama cha Demokrasia ya Kijamii, chama kingine cha wafanyakazi, na Mei 1929 polisi wa jiji hilo, chini ya mkuu aliyetoka chama hichohicho, waliua watu zaidi ya 30. Uchungu ulikuwa halali kabisa. Lakini Wakomunisti kukiita chama hicho kizima cha kifashisti kulimtia kapu moja mkuu aliyetoa amri na fundi aliyelipa ada yake ya uanachama kila mwezi. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 vyama hivyo viwili, cha Kikomunisti na cha Demokrasia ya Kijamii, vilipata kwa pamoja zaidi ya asilimia 37 ya kura, Wanazi 33. Hitler alipoteuliwa kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933, Wakomunisti waliwaomba wenzao waliokuwa wakiwatukana kwa miaka mingi wajiunge nao katika mgomo mkuu. Mgomo haukufanyika.