Naendesha mwenyewe Nyerere kutokea Mtwara: tembo akiziba njia nifanyeje?

Shangani_Juu: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Likizo ya Juni nataka kumpeleka mama watoto na wanangu wawili (miaka 6 na 11) Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa Prado yetu ya dizeli, bila dereva wa kukodi. Napita Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa hadi Kibiti, kisha vumbi la Mloka hadi lango la Mtemere. Barabara hainitishi. Tembo akisimama katikati ya njia, kushoto kichaka kulia kichaka, nizime gari au nirudi nyuma? Na tairi likipasuka?

Kwa_Mkongo: Zima gari, tulia, atapita. Honi usiguse.

Mzee_wa_Liwale: Kwa honi uko sawa. Kwa kuzima, inategemea yuko umbali gani. Mita 100 na anakula, zima tu, watoto waangalie. Akiwa njiani anakuja upande wenu, injini iendelee kunguruma taratibu, gia ya nyuma ikiwa tayari, na rudi mapema wakati bado unaona njia vizuri. Wengi husubiri mpaka amefika mita 20, wakishtuka wanarudi kwa kasi na kuingia mtaroni.

Msome masikio. Akiyatanua, akainua kichwa, akapiga kelele na kurusha vumbi, mara nyingi anawatisha tu, mpe nafasi. Akiyalaza nyuma na kuukunja mkonga kifuani, huyo anakuja kweli. Kundi lenye ndama halikatizwi katikati: mmoja akivuka, hesabu kwamba wengine bado wako kichakani, subiri hata dakika kumi.

Shangani_Juu: Na dume aliye peke yake?

Mzee_wa_Liwale: Tazama kati ya jicho na sikio. Ukiona mchirizi mweusi wa majimaji, na miguu ya nyuma imelowa mkojo unaodondoka, yuko kwenye joto la kutafuta majike. Huyo usimsogelee hata kwa picha. Geuza, tafuta njia nyingine.

BintiMasasi: Machungwa yasilale garini! Tembo ananusa tunda kwa mbali, na kioo si kitu kwake. Wanaolima Nachingwea na Liwale wanajua anavyoyafuata mabibo, yale matunda ya mkorosho. Juni mabibo hayapo, ila machungwa ya njiani mtayanunua tu, nawajua watu wetu. Yamalizeni kabla ya lango. Nyani nao wakiona mkate, mkono unaingia dirishani.

Fundi_Mikindani: Upande wa gari sasa. Beba spea tairi mbili, pampu ya upepo yenye geji, koleo, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao jeki inazama mchangani, gari halinyanyuki. Kwenye mchanga mzito shusha upepo hadi psi 20, weka fowili nzito (4L, gia ya nguvu ya magurudumu yote manne), funga difu ya kati ili tairi za mbele na za nyuma zivute pamoja, ondoka polepole. Tairi zikianza kuzunguka bure, acha mafuta hapo hapo. Ukizidi kukanyaga unajichimbia mpaka chesisi ikae chini. Kabla ya kurudi lami jaza tena upepo, la sivyo tairi linachemka na kupasuka.

Tairi likipasuka porini, jikokote taratibu hadi mahali pa wazi hata kama rimu itaumia. Zunguka kwanza kwa gari, angalia vivuli vyote: simba hulala kivulini, hata kivuli cha gari. Mmoja anabadilisha, mwingine anasimama mlangoni na kazi yake ni kuangalia tu. Watoto ndani. Nyasi ndefu zikinasa karibu na ekzosi zitoe, zinawaka.

Jaza tanki Kibiti, na malipo ya lango hayapokelewi taslimu.

Shangani_Juu: Asanteni sana. Mbung'o je?

BintiMasasi: Msivae bluu wala nyeusi, hasa bluu ya kukolea, ndiyo inayowavuta; mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Wanafuata kitu kinachokwenda, hivyo gari likiingia vichakani funga vioo. Na mwambie wa miaka 6: twiga wapo kaskazini ya Rufiji, upande huo huo wa Mtemere, kwa hiyo atawaona.

Mzee_wa_Liwale: Kando ya maziwa, usiegeshe kati ya kiboko na maji. Saa 12 jioni muwe kambini.