Eti "si umerudi unapumua?" Yule mkodisha mabegi ya kulalia wa Moshi ana laana

Wakuu, natoka dukani kwake sasa hivi, bado natetemeka, sijui ni hasira au ni baridi ya kambi ya Barafu haijanitoka. Simtaji. Mliowahi kupanda Kilimanjaro mnamjua, yule wa miwani ya jua hata saa moja usiku.

Nilimwambia wazi: njia ni Machame, nataka begi jepesi ila la baridi ya kweli. Akakibinya kitu mkononi: "Manyoya ya bata, kaka, kilo haifiki, lebo inasema digrii 10 chini ya sifuri." Kilo haifiki kweli, maana ndani hamkuwa na bata, mlikuwa na kumbukumbu ya bata. Kambi ya Shira nimelala na jaketi. Karanga jaketi, kofia na taulo. Barafu, mita 4,600 na ushee, sikulala kabisa. Meno yaligongana hadi hema la jirani wakauliza nani anatwanga usiku huu.

Leo narudisha, namweleza kistaarabu. Ananitazama mbele ya wateja: "Si umerudi unapumua? Basi begi limefanya kazi."

SI UMERUDI UNAPUMUA! Nimelipa nilale, yeye ananihesabia pumzi! Na dhamana kakata, eti zipu imelegea. Kwa hiyo ningekufa ndiyo angenirudishia yote? Unapumua!!

MgumuMstaafu: Mkuu, kwa lebo hajakudanganya. Zina namba tatu: ya kulala raha, ya kulala umejikunyata, na ya kutokufa kwa saa sita. Yeye husoma hiyo ya tatu. Na kweli hukufa.

BintiMarangu: Kumbukumbu ya bata 😂😂 Naweka kambi hapa.

TiaMaji: Mtu wa Dar huyu. Lushoto tu anavaa soksi mbili.

Mleta uzi: Sitoki Dar, natoka Tanga!

TiaMaji: Afadhali ungenyamaza.

KambaNdefu: Chini ulilalia nini? Manyoya ukiyalalia yanabanana, hayana joto tena. Baridi ya chini inazuiwa na godoro. Mnalaumu begi bure.

Mleta uzi: Godoro nalo nilikodi kwake.

KambaNdefu: Aisee. Pole sana.

Mchuuzi_Memorial: Jepesi, la joto na la bei ya chini havikai begi moja. Ninalo la nyuzi, kilo mbili, hata likinyeshewa linapasha. La bata likilowa limekwisha. Karibu inboksi.

MgumuMstaafu: Usifanye biashara kwenye msiba wa watu. Halafu nyie mnalilia gramu, sisi wapagazi mzigo unapimwa kilo 20 getini, tukishavuka wanatuongezea sufuria. Usiku tunabanana kwenye hema la chakula. Huko hakuna lebo.

BintiMarangu: Na bahshishi zinaishia kwa kiongozi wa msafara. Ufungulie uzi wake hilo.

Mleta uzi: Jamani, mbele ya wateja! SI UMERUDI UNA

TiaMaji: Tumekusikia, unapumua.

Kiberiti: Bora wewe. Mimi alinikodisha viatu, kushoto 42, kulia 43. Nikauliza, akasema mlimani miguu inavimba, nitamshukuru.

Sokwe_Mpole: Vya kijivu, kamba nyekundu?

Kiberiti: Ndiyo! Umejuaje?

Sokwe_Mpole: Mimi alinipa kushoto 43, kulia 42. Uko wapi saa hizi?