Ramani ya papa potwe Mafia: seli (miraba ya ramani) za kilomita 1 au 10?

Swali: Nina nukta za GPS za potwe mbele ya Kilindoni. Kwa seli za kilomita 1 wamejazana karibu na ufuko. Kwa 10, doa lao linaenea hadi kwenye mkondo kati ya kisiwa na bara. Nifuate ipi?

Jibu: Seli ya 10 ni kilomita 100 za mraba, inachanganya maji matupu, yenye potwe na hata nchi kavu. Ondoa nchi kavu, kisha gawa idadi ya potwe kwa kilomita ilizopita boti katika kila seli. La sivyo unachora njia za boti, si samaki.

Jibu: Tumia UTM 37S (mfumo wa ramani unaopima kwa mita), si digrii. Jaribu 1, 2, 5, 10. Amini doa linalobaki kote. Klorofili (kijani cha vijimea vya baharini) ya setilaiti ya kilomita 4 usiikatekate iwe 1, haiongezi kitu.