Picha za zamani za familia kuwa sanaa: tupeane uzoefu

Wapendwa, acha nianze mimi. Mamangu ana picha moja tu na marehemu baba kabla hatujazaliwa. Walipigwa picha hiyo Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1979, jengo la KICC likionekana nyuma yao. Imegeuka nyekundu, maana katika picha nyingi za rangi za wakati ule samawati ndiyo hutangulia kufifia. Niliiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), wekundu wake nikauacha, kisha Jumapili moja nikampeleka mama palepale.

Nilimwomba asimame kama kwenye picha. Akasimama, halafu akajisogeza kando. Nikamwambia, "Mama, rudi katikati kidogo." Akanijibu, "Hapo ni pa babako."

Nikapiga hivyo hivyo, na ile nafasi. Sasa picha zote mbili ziko sebuleni kwake, kipimo kimoja, fremu moja. Nyinyi mmefanyaje na za kwenu?

Mjukuu wa Dagoretti
Pole sana kwa kumpoteza mzee. Kwetu hakuna picha ya nyanya hata moja, hakupenda kamera. Alichotuachia ni vitambaa vya makochi, alivyosuka mwenyewe kwa kroshia. Basi nikatumia sayanotaipu, njia ya kuchapa picha kwa mwanga wa jua aliyobuni John Herschel kule Uingereza mwaka 1842, na haihitaji kamera. Unachanganya dawa mbili zenye chumvi za chuma, unapaka karatasi nzito ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, unaiacha ikauke gizani. Kisha unatandaza kitambaa juu, unakibana kwa kioo, unaanika juani. Ukishasuuza kwa maji, palipofunikwa hubaki peupe, palipopigwa na jua huwa samawati iliyokolea. Februari dakika 10 zilinitosha. Julai, kwa mawingu yetu haya, nilingoja karibu saa nzima.

Kila tundu la uzi lilitokea. Shangazi alipoiona alishika mahali pamoja pembeni, palipokuwa na fundo nene, akasema, "Hapa ndipo nilipachoma na pasi nikiwa darasa la sita. Mama aliziba usiku huohuo, wala hakunigombeza." Miaka yote nimekalia makochi yale na sikuwa nimeijua hadithi hiyo. Nimeiandika nyuma ya karatasi kwa penseli.

Kijana wa Kaloleni
Nawaomba jambo moja: picha ikiwa imeganda kwenye kioo cha fremu, msiibandue. Mimi niliivuta ile ya harusi ya babu, na uso wa bibi harusi ukabaki kwenye kioo. Mpaka leo naumia. Ipigeni picha ikiwa ndani ya kioo, karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, kamera iwe sambamba nayo.

Mama Wawili, Umoja
Sisi ni leso ya marehemu mama, iliyoandikwa "Nani kama mama". Kila Desemba tukikutana, ndugu wote watano tunaishika pembe kwa pembe na kupiga picha. Mwaka huu ni ya 7. Leso inazidi kupauka, watoto wanazidi kurefuka.

Mwanzilishi
Mjukuu wa Dagoretti, umenigusa. Mama ana vitambaa sita kabatini, na uzi alikuwa akinunuliwa na baba kila mwisho wa mwezi. Jumamosi naenda kwake. Hizo dawa mbili unazipata wapi hapa mjini?