Baba alikuwa fundi wa ndege JWTZ: nisaidieni kulielewa daftari lake kabla ya arobaini

Binti wa Ukonga

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Tulimzika baba mwezi uliopita. Makaburini ulisomwa wasifu mfupi: alizaliwa, akasoma, akajiunga na Jeshi la Wananchi mwaka 1968, akapangiwa ufundi wa ndege, akastaafu akiwa Afisa Mteule Daraja la Pili, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Yote ni kweli, ila mimi nilikuwa nimekaa pale naona kama anayesomwa ni mtu mwingine. Arobaini ni wiki ijayo, na ndugu wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu uliokamilika, wajukuu waje kuusoma.

Ya nyumbani nayajua. Alikuwa anarudi kutoka Airwing, kambi ya ndege za jeshi, na baiskeli, ananawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni ya mche, na hashiki mtoto mpaka amenusa vidole vyake mwenyewe. Mama alikuwa muuguzi, na wiki ya zamu za usiku baba ndiye aliyetusuka nywele. Mistari yake ilikuwa imenyooka, imekaza, haifumuki mpaka Ijumaa. Walimu walikuwa wanatuuliza tumesukwa saluni gani. Kabla ya kupanda daladala alikuwa anazunguka kwanza kutazama matairi, na kama hayakumridhisha tulisubiri nyingine, hata mvua inyeshe.

Ya kazini hakusimulia kabisa. Sasa kwenye sanduku lake la bati nimekuta daftari dogo lenye maneno kama haya:

"Zungusha kwa mkono kwanza. Silinda za chini."
"Kwanza pini."
"Spana zote."

Halafu katikati, kwa kalamu hiyohiyo: "Mdogo, surua, tayari. Kilo 9." "Mama zamu ya usiku mpaka Alhamisi." Kuna kurasa zenye herufi za Kichina, pembeni kaandika Kiswahili. Na kurasa za Mwanza za mwaka 1979 zina neno moja tu, "imerudi", na alama ya vema. Ukurasa mzima, imerudi, imerudi.

Kuna aliyefanya kazi hii anieleze maana yake? Na siku ya fundi ilikuwaje?

Kitomondo

Pole sana dada, Mungu ampumzishe mzee mahali pema. Ushauri wangu ni mmoja: kama ndani ya daftari kuna namba za ndege au majina ya askari wenzake, usiyaweke hapa. Haya uliyoandika hayana shida. Subiri, kuna wazee humu watakujibu.

Fundi Mstaafu, Moro

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba. Mimi niliingia hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, miaka michache baada ya baba yako. Huenda tulikula sahani moja. Jina sitakuuliza hapa, nitakuandikia pembeni.

Nianze na silinda. Waliojiunga miaka ile ya sitini walijifunzia ndege za Kanada, kwa sababu Wakanada ndio waliosaidia kuanzisha kikosi chetu cha anga. Kulikuwa na Otter, injini moja ya silinda 9 zilizopangwa duara, na Caribou, injini mbili za silinda 14 kila moja. Injini ya duara ikilala usiku, oili inashuka na kutuama kwenye silinda za chini. Ukija asubuhi ukawasha hivyohivyo, pistoni inakutana na oili isiyobanika, na kitakachopinda au kupasuka ni chuma. Kwa hiyo alfajiri, umande haujakauka, mnashika pangaboi kwa mikono na kulizungusha taratibu. Likigoma hulilazimishi. Unafungua plagi za chini oili imwagike, unaanza tena. Kijana mwenye haraka hafai kwa kazi hiyo.

Mwaka 1970 Wakanada waliondoka, tukaingia kwa Wachina. Ikaja kambi ya ndege ya Ngerengere, zikaja ndege za kivita za jeti, na vijana wetu wakapelekwa China kusoma. Darasani mwalimu anasema, mkalimani anatafsiri, wewe unaandika haraka kabla hajapita. Vibao vya ndani ya ndege vimeandikwa Kichina, kwa hiyo ni lazima uujue mchoro wa "mafuta", wa "oksijeni", wa "hatari". Hizo ndizo kurasa zake. Zitunzeni. F-6, moja ya jeti hizo za Kichina, ina injini mbili zimekaa sambamba ndani ya mkia, na kuzitoa unafungua boliti pande zote, unauvuta mkia mzima nyuma juu ya toroli. Tulizitoa mara nyingi, maana injini zile ziliruhusiwa saa chache za kuruka kabla ya kufunguliwa upya.

"Kwanza pini" ni kiti cha rubani. Chini yake kuna baruti ya kumrusha nje ndege ikiharibika. Ndege ikiwa chini, kiti kinafungwa kwa pini zenye utepe mwekundu. Fundi anayeingia kurekebisha hata taa tu, kabla ya kuweka mguu ndani anatazama pini. Asipotazama, kiti kikalipuka, paa la hanga liko juu yake.

Spana: kila chombo kina nafasi yake kwenye ubao, imechorwa umbo lake kwa rangi. Kazi ikiisha mnahesabu. Ikikosekana bisibisi moja ndege hairuki, hata kama mkubwa anasubiri na saa mkononi. Kitu kidogo kikibaki ndani kinaweza kubana waya za usukani, na kikinyonywa na injini kinakata mapanga yake. Nimeshuhudia ndege ikishikiliwa mpaka jua linazama, bisibisi ikapatikana mfukoni mwa ovaroli ya mwenzetu. Hakuna aliyemcheka. Tulimshukuru Mungu tukaenda kula.

Sasa "imerudi". Fundi akimaliza anatia saini kwenye kitabu cha ndege kwamba ni salama. Rubani anasoma, naye anasaini, anapanda. Wewe unabaki chini na jina lako limeruka. Wakati wa vita vya Kagera, Mwanza ilikuwa kituo cha mbele, na adui alikujua ulipo: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa inamsaidia Idi Amin wa Uganda, aina ya Tu-22, ilikuja kupiga mji, ikakosa, mabomu yakaua wanyama Kisiwa cha Saanane. Ndege uliyoisainia ikitoka unafanya kazi nyingine, lakini sikio liko angani. Unawajua watoto wa yule rubani. Umekunywa chai kwa mkewe. Magurudumu yakigusa lami ndipo unaandika unachoandika. Baba yako aliandika neno moja na vema.

Niseme jambo linalonikera kwa miaka mingi. Vita vile vikisimuliwa wanatajwa marubani, wanatajwa askari wa miguu waliotembea mpaka Kampala, na wanastahili. Mafundi hawatajwi. Hakuna ndege iliyoruka bila mtu wa oili kuinama chini yake usiku na tochi mdomoni. Andika hivyo, na usome kwa sauti.

Mama Kambini

Pole mwanangu. Mimi ni mke wa fundi kama huyo, tuliishi kota. Usisahau masikio. Jeti zile ziliwala masikio vijana wetu, wengi hawakuwa na vizibo vya maana. Mume wangu alianza kusema kwa sauti ya juu ndani ya nyumba, watoto wakadhani ni mkali. Nikawafundisha wasimwite kutoka nyuma, waje mbele yake, wamshike mkono kwanza. Muulize mama yako, atakuambia sikio lipi. Na muulize pia hiyo miezi ya Mwanza aliwalishaje ninyi, maana barua zilichelewa na dukani kila kitu ni foleni.

Binti wa Ukonga

Shikamoo mama. Nimemuuliza leo. Ni la kushoto. Ndiyo maana mezani mama alikaa kulia kwake siku zote, na sisi tulidhani ni mahali pake tu. Kuhusu Mwanza amesema alikuwa na mimba yangu, na aliuza vitenge viwili vya harusi.

Nimeanza hivi, wazee wangu nisahihisheni:

"Marehemu alikuwa fundi wa ndege za jeshi kuanzia Otter na Caribou hadi jeti za Ngerengere. Wakati wa vita vya Kagera alihudumu Mwanza, ambako alisaini ndege, akazisubiri, na kuandika kila iliporudi. Nyumbani aliandika kwenye daftari hilohilo chanjo za watoto wake, uzito wao, na zamu za mkewe muuguzi, ili ajue ni usiku gani wa kupika na kusuka nywele. Aliwahi kuzuia safari ya familia nzima kwa sababu ya tairi."

Fundi Mstaafu, Moro

Ni sahihi. Ongeza mambo mawili. Baada ya neno Mwanza andika kwamba mkewe aliuza vitenge vyake nyumba isilale njaa, na mtaje kwa jina kamili. Na kama msomaji wa siku hiyo ni kijana, mwambie asimame upande ambao wazee wenzake na baba yako watakaa. Wengi wetu hatusikii vizuri.