Naomba ushauri: je, ulimwengu una kitovu, na taa ya modeli yangu niiweke wapi?

Mjenzi wa Modeli (mleta mada)
Wanajukwaa, salamu. Nimekabidhiwa kazi ya kutengeneza modeli ya ulimwengu unaotanuka kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, na siku zinayoyoma. Modeli ni ubao wa mviringo wenye taa, nyuzi za lastiki zinazotoka kwenye taa kwenda kila upande, na shanga zinazowakilisha galaksi. Ukizungusha mpini, nyuzi zinavutwa na shanga zinaachana. Kinachonikosesha usingizi ni taa. Nimesoma kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, na kila mlipuko ninaoufahamu una mahali ulipotokea. Lakini nimesoma pia, bila maelezo ya kuniridhisha, kwamba ulimwengu hauna kitovu. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: kipo au hakipo? Kama kipo, kiko upande gani wa anga?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu mleta mada, swali hili ni la zamani kuliko darubini. Ptolemy aliiweka Dunia katikati. Copernicus, katika kitabu chake cha mwaka 1543, akaliweka Jua mahali hapo. Kisha mwaka 1918 Harlow Shapley, kwa kupima umbali wa vishada vikubwa vya nyota, akaonyesha kwamba hata Jua liko pembeni mwa galaksi yetu. Leo tunajua kwamba kitovu cha galaksi kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), upande wa kundinyota la Mshale, na kwamba hapo pana shimo jeusi linaloitwa Sagittarius A*. Basi kitovu unacho, na upande wake unajulikana. Nilipokuwa nikifundisha habari hizi, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Jua lilipewa taarifa ya uhamisho wake. Darasa lilicheka hadi kengele ikalia, na yule mtoto baadaye alikuja kuwa mhandisi.

Bint Darubini
Mwalimu, shikamoo. Hicho ni kitovu cha galaksi moja, ilhali ndugu yetu anauliza kuhusu ulimwengu wote.

Kijana wa Utani
Kitovu cha ulimwengu ninakifahamu, wakuu. Ni shemeji yangu. Kila mazungumzo yanamzunguka, na ukikaa naye karibu muda unakwenda polepole.

Fundi wa Mbao
Mkuu, mimi nazungumzia ubao. Usitoboe katikati kabla hujajua uzito wa taa, kwa sababu ubao wa mviringo unaovutwa kutoka pande zote huanza kupasuka palepale penye tundu. Weka kipande cha pili kwa chini, gundisha, kisha ndipo utoboe.

Bint Darubini
Mleta mada, kabla sijajibu naomba unieleze mambo mawili. Kwanza, ukingo wa nje wa ubao wako unawakilisha nini: mwisho wa ulimwengu, au mwisho wa kile tunachoweza kukiona? Pili, je, pale penye taa pataandikwa chochote? Jibu langu litategemea hayo, na naona umeyapitia pembeni.

Mjenzi wa Modeli
Ahsante, dada. Ukingo nimeuita «mwisho wa ulimwengu» kwa sasa, ingawa sijaufikiria sana. Kuhusu maandishi, chini ya taa pana kibao kidogo cha shaba.

Bint Darubini
Kinasemaje?

Mjenzi wa Modeli
Kinasema: «Hapa ndipo ulimwengu ulipoanzia.» Kimeshachongwa na kimeshafungwa kwa skrubu nne. Tundu la taa nalo limeshatobolewa, kwa hiyo ushauri wa Fundi umenikuta mbele ya safari. Maneno yalitungwa na mwenyekiti wa kamati ya maonyesho, ambaye ndiye aliyegharimia kibao, na atakuwepo siku ya ufunguzi. Sioni ubaya wake mkubwa. Mtazamaji wa kawaida anahitaji mahali pa kuanzia, na tukimwambia kwamba jambo limetokea bila mahali pa kutokea, tutakuwa tumemchanganya badala ya kumfundisha.

Mja Mnyonge
Ndugu zangu, binadamu ameumbwa na kiburi. Kwanza alidai kuwa yeye ndiye katikati; alipoondolewa hapo, sasa anataka angalau apajue katikati ili apawekee kibao. Tumwachie Muumba elimu ya mipaka ya kazi yake.

Bint Darubini
Namheshimu Mja Mnyonge, lakini hapa hatuhitaji kunyamaza, kwa kuwa modeli yenyewe inaweza kuhojiwa. Chukua uzi mmoja wenye shanga tatu, moja ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye taa, nyingine 20 na nyingine 30. Zungusha mpini hadi uzi urefuke maradufu: sasa ziko 20, 40 na 60. Anayesimama kwenye taa atasema kwamba shanga ya kwanza imesogea sentimita 10, ya pili 20 na ya tatu 30, yaani iliyo mbali zaidi inakimbia zaidi, na atajihesabu kuwa kitovu. Sasa simama kwenye shanga ya kwanza. Taa ilikuwa sentimita 10 nyuma yako na sasa iko 20. Shanga ya pili ilikuwa 10 mbele yako na sasa iko 20. Ya tatu ilikuwa 20 na sasa iko 40. Nawe utaona kila kitu kinakukimbia kwa kanuni ileile, na taa ni mojawapo ya vinavyokukimbia.

Kanuni hiyo ndiyo mwanafizikia Georges Lemaître aliyoipata kwenye milinganyo mwaka 1927, na mwanaastronomia Edwin Hubble akaichapisha kutokana na vipimo mwaka 1929: mwendo wa galaksi kuachana nasi huongezeka kulingana na umbali wake. Watu wengi hudhani ugunduzi huo ulituweka sisi katikati, ilhali hiyo ndiyo kanuni pekee ya kutanuka ambayo kila mtazamaji, popote alipo, huiona vilevile. Nafasi yenyewe kati ya galaksi ndiyo inayoongezeka. Mlipuko Mkuu haukutokea mahali fulani ndani ya utupu uliokuwa ukisubiri. Ulitokea kila mahali, hata hapo ulipoketi ukisoma.

Mpenda Hesabu
Mfano wa puto ungemsaidia. Chora madoa juu ya puto, lipulize, na madoa yote yataachana bila hata moja kuwa la katikati.

Mjenzi wa Modeli
Ahsante, Mpenda Hesabu, umenitetea bila kukusudia. Puto lina katikati, ndani, penye hewa, na taa yangu inawakilisha hapo. Kibao kinaweza kubaki.

Bint Darubini
Katikati hiyo haimo kwenye ngozi ya puto, na katika mfano huo ulimwengu ni ngozi peke yake. Doa linaloishi kwenye ngozi haliwezi kuelekeza kidole ndani, kwa sababu kwake «ndani» si upande wowote. Isitoshe, milinganyo ya uhusianifu, yaani nadharia ya Einstein kuhusu mvutano, hueleza mpindo wa nafasi bila kudai kuwepo kitu cha nje ambamo nafasi imepindia. Vipimo vya satelaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, vinaonyesha kwamba nafasi ni bapa au inakaribia mno kuwa bapa, kwa hiyo hata duara la kulizungukia halijaonekana. Tena kwenye modeli yako taa na shanga vimekaa kwenye ubao mmoja. Huwezi kusema taa iko ndani ya puto na shanga ziko juu yake.

Mpekuzi
Samahani kwa kuingilia. Katika bandiko la kwanza mleta mada aliuliza taa «aiweke wapi». Alipobanwa, tundu likawa limeshatobolewa, kibao kimechongwa, na mwenyekiti amejitokeza. Nyuzi za lastiki za kila upande zinazovutwa kwa mpini mmoja bila ubao kujikunja? Mimi nadhani hakuna modeli wala maonyesho. Kuna watu wawili wanaobishana mahali, na mmoja anatafuta jukwaa limpe ushindi.

Kijana wa Utani
Nilijua! Mwenyekiti ni shemeji.

Fundi wa Mbao
Mpekuzi ana hoja kuhusu ubao. Plaiwudi nyembamba isingestahimili.

Mjenzi wa Modeli
Plaiwudi ni ya milimita 18, na nyuma pana mbao mbili zilizopishana kama msalaba. Nyuzi ni 12, na ncha za nje zimefungwa kwenye ndoano zinazoteleza ndani ya mifereji. Kamba moja inazikusanya zote nyuma ya ubao na kuzipeleka kwenye mpini. Uzi wa saba una shanga inayogoma kwenda na wenzake, kwa sababu rangi nyekundu iliingia tunduni na kukauka, na kila nikizungusha inabaki nyuma, kisha inaruka ghafla. Mtu anayetunga angetunga modeli inayofanya kazi vizuri. Nakiri tu kwamba sikutaka kuanza na habari za mwenyekiti.

Nimelijaribu jambo la dada kwa rula kwenye uzi wa tatu, na hesabu imetoka alivyosema. Lakini nina pingamizi. Shanga ya mwisho haina jirani upande wa nje, kwa hiyo mtazamaji wake atajua kwamba yuko pembeni, na mwenye kujua pembeni atajua pia katikati.

Bint Darubini
Hilo ndilo pingamizi bora katika mada hii, na ndiyo maana niliulizia ukingo. Ulimwengu ungekuwa na ukingo, kitovu kingetafutika. Hatuuoni. Mnururisho wa mikrowevu, yaani mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliogunduliwa na Penzias na Wilson mwaka 1964 unatujia kutoka pande zote ukiwa na jotoridi la takriban kelvini 2.7. Upande wa kundinyota la Simba una joto kidogo zaidi, lakini hiyo ni kwa sababu Jua letu linasafiri kuelekea huko kwa kasi ya takriban kilomita 370 kwa sekunde. Tukiondoa athari ya mwendo huo, tofauti zinazobaki ni kama sehemu moja kwa laki moja. Hakuna upande wenye dalili ya kuwa mwisho.

Kiokoe kibao hivi: kigeuze, na mgongoni kichongwe «Hapa ndipo tunapotazamia.» Ukingo uandikwe «Mwisho wa kinachoonekana, takriban miaka ya nuru bilioni 46.» Ulimwengu unaoonekana una kitovu kwelikweli, nacho ni mtazamaji, na galaksi yoyote ina duara lake la namna hiyo. Mwenyekiti atabaki na taa yake katikati.

Mjenzi wa Modeli
Kukigeuza naweza, skrubu zinafunguka. Mwenyekiti nitamweleza kwa rula, si kwa maneno. Ila ataniuliza jambo ambalo hata mimi linanitatiza: ikiwa umri wa ulimwengu ni miaka bilioni 13.8, mwanga umewezaje kutufikia kutoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 46?

Mwalimu Mstaafu
Hilo niachieni mimi. Mwanga wa mbali kabisa umesafiri kwa karibu miaka bilioni 13.8, lakini ulipokuwa njiani, nafasi uliyokwisha kuivuka nyuma yake na ile iliyobaki mbele yake ziliendelea kutanuka. Bilioni 46 ni umbali wa leo wa mahali ulikotoka, wala si urefu wa njia kama ilivyokuwa siku ya kuondoka. Akitaka kuliona hilo, zungusha mpini huku kidole chako kikitembea taratibu juu ya uzi kuelekea kwenye taa, na usianze na uzi wa saba.